Ukucha Upimwe Kabla ya Vidonge: Hotuba kwa Wauza Samaki, Mama Lishe na Watengeneza Kucha wa Tanga

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Mheshimiwa diwani, mwenyekiti wa mtaa, wauguzi wa zahanati yetu, mama zangu wa Deep Sea mliofunga meza za samaki mapema leo, mama lishe, wasusi, na ninyi vijana mnaozunguka na vikapu vya rangi za kucha: ahsanteni kwa kuja. Mimi ni afisa tabibu wa magonjwa ya ngozi. Kazi hii nilisomea Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC, na tangu hapo kutwa natazama ngozi, nywele na kucha za watu. Katika hivyo vitatu, kucha ndizo zinazoletwa kwa kuchelewa kuliko vyote.

Zinachelewa kwa sababu haziumi. Mtu akiumwa jino halali, asubuhi yuko kwenye foleni. Ukucha wa dole gumba la mguu unaanza kugeuka njano kwenye ncha, unanenepa, unainuka, chini yake unajaa unga unaokwanguka, na mwenye nao anaendelea na shughuli zake. Mwanamke atapaka hina au rangi juu yake. Mwanamume atavaa kiatu cha kufunika hata katika joto la mwezi wa pili. Siku anayokuja kwangu, kiatu kimeshaanza kumbana, na kucha tatu nyingine zimefuata njia ile ile.

Na karibu wote wanakuja na mfuko. Ndani ya mfuko kuna tyubu mbili tatu za krimu zilizokamuliwa hadi mwisho, kichupa cha mafuta ya mitishamba, na karatasi za vidonge ambavyo mgonjwa mwenyewe hajui vinaitwaje. Nikiuliza nani alikupima, jibu ni moja: hakuna aliyepima. Muuza dawa alitazama kidole juu ya kaunta akasema ni fangasi.

Nimeombwa nizungumzie dawa za fangasi wa kucha, na nitazitaja kwa majina, muda na idadi ya vidonge. Lakini naomba kwanza tuelewane kwenye hili: ukucha upimwe kabla hujameza kidonge hata kimoja. Katika kucha zilizoharibika ambazo madaktari wa ngozi huziona, fangasi ni karibu nusu tu. Maana yake, ukiwapa dawa ya fangasi watu wote wenye kucha mbovu bila kupima, karibu nusu yao wanameza dawa nzito ya miezi mitatu bure, na ugonjwa wao halisi unaendelea kukua chini ya ukucha.

Hiyo nusu nyingine ni nini? Wapo wenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba. Ukucha wa soriasisi unanenepa na kuinuka sawasawa na wa fangasi, lakini ukiuangalia kwa karibu, hasa kucha za mikono, utaona vishimo vidogo vidogo juu yake, kana kwamba mtu amedonoa na ncha ya sindano. Hapo namwambia mgonjwa akunje mkono nione kiwiko, kisha namwangalia kichwani. Mara nyingi nakuta mabaka yenye magamba ambayo yeye alikuwa anayaita mba. Nimempokea mzee mmoja aliyekuwa amemeza vidonge vya fangasi kwa mwaka mzima, vya aina tofauti, na kumbe hana fangasi hata kidogo. Wapo pia walioumizwa na kiatu: wacheza mpira, walinzi wanaosimama usiku kucha, watu wa mashamba ya mkonge wanaoshinda ndani ya mabuti. Ukucha ukigongwa na kubanwa kila siku unanenepa wenyewe, bila kimelea chochote. Na ipo kijani ya chini ya kucha za kubandika, ambayo akina dada wanaiogopa sana. Ile si fangasi. Ni bakteria wanaopenda unyevu uliofungiwa chini ya ukucha wa bandia, na vidonge vya fangasi haviwafanyi lolote.

Kuna jingine ambalo ni nadra, lakini lazima nilitaje. Sisi watu weusi tunazaliwa na ngozi yenye rangi, na wengi wetu tukikua tunapata mistari ya kahawia inayotembea kwenye kucha kwa urefu. Ikiwa kwenye kucha kadhaa, haibadiliki, na hata mama yako anayo, usihangaike. Lakini mstari mweusi kwenye ukucha mmoja tu, unaozidi kupanuka, au rangi yake inamwagikia kwenye ngozi inayouzunguka ukucha, huo unahitaji daktari haraka. Bob Marley alianza hivyo. Mwaka 1977 iligundulika chini ya ukucha wa dole gumba la mguu wake saratani iitwayo melanoma, katika kidole kilichodhaniwa kuwa kimeumizwa na mpira. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Kwa hiyo kijana akija kwako na kikapu, akakuta doa jeusi la namna hiyo, asilifunike kwa rangi. Amwambie mteja.

Sasa kupima kwenyewe ni jambo dogo kuliko mnavyodhani. Tunasafisha ukucha kwa spiriti, tunaukata, kisha tunakwangua ule unga wa chini, tukiingia ndani kadiri inavyowezekana, kwa sababu fangasi aliye hai yuko mpakani, pale ukucha mbovu unapokutana na ukucha mzima. Unga wa kwenye ncha mara nyingi una fangasi aliyekwisha kufa. Tunaweka tone la potasiamu haidroksaidi linalolainisha ukucha, na baada ya kusubiri kidogo tunatazama kwa hadubini. Fangasi anaonekana kama nyuzi nyembamba zenye matawi. Jibu unaweza kulipata siku hiyo hiyo. Tukitaka kumjua ni fangasi wa aina gani, tunaotesha maabara, na hapo subira ni wiki mbili hadi nne.

Wauguzi wenzangu, mlioniambia zahanati yenu haina mtu wa kusoma kipimo hicho: vipande vya kucha havihitaji barafu wala chupa ya maji maalumu. Vikiwekwa vikavu kwenye karatasi safi iliyokunjwa, ikatiwa ndani ya bahasha yenye jina na tarehe, vinasafiri vizuri hadi hospitali ya mkoa. Mgonjwa aache kupaka krimu ya fangasi wiki chache kabla, vinginevyo kipimo kinaweza kusema hakuna kitu na kitu kipo. Na jibu likirudi hasi wakati macho yako yanakataa, rudia. Kipimo cha ukucha kinakosea mara nyingi zaidi upande huo wa kukana.

Nizungumze na mama zangu wa samaki na mama lishe, maana lenu ni tofauti. Ninyi shida yenu iko mikononi. Mkono uko majini tangu alfajiri: kuparua samaki, kuosha vyombo, sabuni, chumvi, magamba, ndimu. Ngozi nyembamba inayoziba mlango wa shina la ukucha inachanika, pembeni ya ukucha panavimba, panakuwa pekundu au peusi, ukiminya panatoa majimaji, kisha ukucha wenyewe unaanza kuota na mawimbi. Hapo mara nyingi tunamkuta Candida, fangasi wa jamii ya hamira. Mnapewa vidonge, mnapona kidogo, mnarudi majini, inarudi. Ukweli ni kwamba Candida hapo ni mgeni aliyekaribishwa na maji. Tiba ya kwanza ni kuukausha mkono: glavu za mpira, na ndani yake glavu za pamba ili jasho lisifanye kazi ile ile ya maji, kufuta vizuri kila ukimaliza, na kutoikata wala kuisukuma ile ngozi ya kwenye shina. Mhudumu anaweza kukuandikia mafuta ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ya kupaka pembeni kwa muda mfupi, na kwa uvimbe huu sugu yanasaidia kuliko vidonge vya fangasi. Najua glavu zinateleza, na samaki haparuliwi kwa kisu kinachoteleza. Basi vaeni wakati wa kuosha vyombo na kufua. Mkono ukipata hata nusu ya siku kavu, unaona tofauti.

Kwenye miguu hadithi ni nyingine. Huko fangasi anayetawala anaitwa Trichophyton rubrum. Anakula protini ngumu iliyoujenga ukucha, na mara nyingi alianzia katikati ya vidole, pale panapowasha na kubambuka mkivaa viatu vya kufunika. Akishaingia chini ya ukucha haondoki mwenyewe.

Kabla sijataja dawa, tuzungumze muda, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Dawa ya fangasi haitengenezi ukucha ulioharibika. Ni sawa na paa la makuti: kuti lililooza haliponi, unasubiri lipya lichukue nafasi yake. Ukucha wa mkono unakua karibu milimita 3 kwa mwezi, unakamilika kwa takribani miezi sita. Wa mguuni unakua polepole zaidi, milimita moja au zaidi kidogo, na dole gumba linahitaji mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kwa hiyo unaweza kumaliza dozi ya miezi mitatu, ukautazama mguu wako, ukaona ukucha bado mbaya, na dawa ikawa imefanya kazi yake vizuri kabisa. Angalia kule kwenye shina. Ukiona ukucha mpya, mwembamba, wa rangi nzuri, unausukuma ule mbovu kwenda mbele, umeshinda. Mimi humwekea mgonjwa alama ndogo kwa ncha ya wembe mpakani mwa kuzuri na kubaya, na akirudi tunaangalia alama imesogea kiasi gani.

Dawa ya kwanza kwa fangasi wa kucha za miguu ni terbinafini. Kidonge kimoja cha miligramu 250 kwa siku, wiki 6 kwa kucha za mikono, wiki 12 kwa kucha za miguu. Wiki 12 ni vidonge 84. Namtajia mgonjwa hesabu hiyo siku ya kwanza, aende akaulizie bei ya vyote 84 kabla hajanunua kimoja. Kununua 14, kusimama mwezi, kununua 10 vingine, ni kutupa fedha. Katika majaribio yaliyotumika kuiidhinisha Marekani kwa kucha za miguu, wagonjwa 70 katika kila 100 vipimo vilionyesha fangasi ameisha, lakini waliopata yote mawili, fangasi kuisha na ukucha kurudi safi kabisa, walikuwa 38. Nawaambia hivyo wazi. Ndiyo dawa bora tuliyo nayo na bado haiponyi kila mtu, na ukucha ulioumizwa kwa miaka unaweza kubaki na kovu hata fangasi akishaondoka.

Terbinafini inapita kwenye ini, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa ini asiitumie, na kabla ya kuanza tunapima damu kuona ini likoje. Nchi yetu ina homa ya ini aina ya B, na ina gongo. Wako watu wanaodhani ini lao ni zima na si zima. Ini kuumizwa vibaya na terbinafini ni jambo nadra, lakini mtu ajue dalili: macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, hamu ya kula kupotea, kutapika, mwili kuwasha. Akiziona, aache kidonge siku hiyo hiyo na aje. Jingine ni ulimi. Baadhi ya watu wanapoteza ladha ya chakula, na inaweza kuchukua wiki au miezi kurudi. Mama lishe anayeonja mchuzi kila siku anastahili kuambiwa hilo mapema.

Ya pili ni itrakonazoli. Hii tunaweza kuitoa kwa mikupuo: miligramu 200 asubuhi na 200 jioni kwa wiki moja, kisha unapumzika wiki tatu, unarudia. Mikupuo miwili kwa mikono, mitatu kwa miguu. Kwa vidonge vya miligramu 100, mikupuo mitatu nayo inafika 84. Inamezwa mara baada ya chakula, kwa sababu inahitaji tindikali ya tumbo ili iingie mwilini. Anayetumia omeprazoli au dawa za kupoza kiungulia haitamwingia vizuri. Mwenye moyo ulioshindwa kazi, anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala chali, asiiguse. Vilevile ina ugomvi na dawa nyingi, ikiwemo simvastatini ya kupunguza lehemu. Inawafaa zaidi wale ambao maabara imesema ni Candida.

Ya tatu ni flukonazoli, ambayo wengi mnaijua kwa mambo mengine. Kwa kucha tunaitoa mara moja kwa wiki, miligramu 150 au zaidi, kwa miezi hadi ukucha mpya utokee wote. Miguuni hiyo inaweza kuwa miezi sita hadi mwaka. Nguvu yake kwa fangasi wa miguu ni ndogo kuliko ya terbinafini. Wagonjwa wa kisukari mnaotumia glibenklamidi, nisikilizeni: flukonazoli inaweza kuifanya ile dawa ikae mwilini kuliko kawaida, sukari ikashuka hadi mtu akaanguka. Usiinunue bila kumwambia mhudumu wako wa kliniki.

Griseofulvini ni ya zamani, iligunduliwa mwaka 1939 na ikaanza kutumika kwa watu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa mapunye ya kichwani kwa watoto bado inafanya kazi nzuri. Kwa kucha za miguu inadai mwaka mmoja hadi mwaka na nusu ya kumeza kila siku, na wanaopona ni wachache. Ukihesabu vidonge vyote hivyo, urahisi wa bei yake unaisha.

Halafu ketokonazoli ya kumeza. Hapa sauti yangu itapanda kidogo, mnisamehe. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza vidonge hivi visitishwe kwa matibabu ya fangasi, kwa sababu ya ini. Mwaka huo huo Marekani ikatangaza visitumike kwa fangasi wa ngozi wala kucha. Mwaka 2016 wakalazimika kurudia onyo, baada ya mgonjwa aliyeandikiwa kwa ajili ya kucha kufa kwa ini kushindwa kazi. Mtu alikufa kwa ajili ya ukucha! Na mimi bado wagonjwa wananiletea karatasi zake ndani ya mfuko. Sabuni na krimu ya ketokonazoli haina shida hiyo, pakeni mnapoelekezwa. Kidonge chake kwa ajili ya kucha, kataeni.

Mjamzito na anayenyonyesha, vidonge hivi visubiri. Ukucha hauna dharura ya kumzidi mtoto. Anayetumia griseofulvini asishike mimba, na hata mwanamume anayeitumia asubiri miezi sita baada ya dozi kabla ya kutafuta mtoto. Walio kwenye dawa za kifua kikuu, malizeni kwanza: rifampisini inaziondoa mwilini dawa za fangasi kabla hazijafika kwenye ukucha. Na mliopo CTC, kliniki ya VVU, semeni mnatumia ARV gani, kwa maana baadhi ya dawa za mstari wa pili, zile za pale za kwanza zikishindwa, zinaipandisha itrakonazoli mwilini kupita kiasi. Hakuna haja ya kutangaza dukani. Mwambie mhudumu wako faraghani. Nikiongeza hapo: weupe unaoanzia kwenye shina la ukucha badala ya ncha ni jambo tunaloliona zaidi kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Nikiuona, namshauri mtu apime VVU, na wapo waliojijua kwa njia hiyo wakaanza dawa mapema.

Mtaniuliza, na za kupaka je? Krimu ya kawaida ya klotrimazoli ni nzuri kwa ngozi, lakini haipenyi ukucha. Unaweza kuipaka mwaka mzima usipone. Zipo dawa zilizotengenezwa kama rangi ya kucha. Amorolfini ya asilimia 5 inapakwa mara moja au mbili kwa wiki kwa miezi 6 hadi 12. Siklopiroksi ya asilimia 8 inapakwa kila siku kwa karibu mwaka. Zinafaa pale ugonjwa ulipoanza tu, umeshika chini ya nusu ya ukucha, kucha chache, na shina halijaguswa. Au kwa mtu asiyeruhusiwa vidonge. Kwa siklopiroksi peke yake, katika majaribio ya Marekani waliopona kabisa hawakufika hata 10 katika 100. Ikiunganishwa na vidonge, au ukucha ukisuguliwa na kupunguzwa vizuri kwanza, inasaidia zaidi. Kwa ukucha ulionenepa sana tuna krimu ya yurea ya asilimia 40: unaipaka, unafunika na plasta, baada ya siku kadhaa ukucha mbovu unalainika na kukwanguliwa bila damu wala maumivu. Kung'oa ukucha wote kwa koleo kwa sababu ya fangasi siipendi. Unaumiza, na fangasi aliyebaki chini anaukaribisha ukucha mpya. Miale ya leza inayotangazwa mitandaoni imeruhusiwa Marekani kwa ajili ya kuboresha mwonekano wa ukucha kwa muda. Uponyaji wake haujathibitishwa kiasi cha mimi kukuambia ukauze mbuzi.

Jiki, mafuta ya taa na maji ya betri vinaunguza ngozi na fangasi anabaki. Siki haiumizi sana, ila haijaonyesha kuponya.

Na zile krimu za mchanganyiko, zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi ndani ya tyubu moja, ndizo zinazonitia hofu kuliko siki. Zinatuliza mwasho kwa siku tatu, mtu anasifu, huku fangasi anatambaa chini kwa chini. Huko Asia ya Kusini matumizi holela ya krimu hizo yanahusishwa na kusambaa kwa fangasi mpya aliyepewa jina mwaka 2020, Trichophyton indotineae, ambaye mara nyingi terbinafini haimwezi. Huyo anashambulia zaidi ngozi, na ameshavuka mipaka mingi.

Ukitibu ukucha, tibu na ngozi ya mguu. Krimu ya terbinafini, klotrimazoli au mafuta ya Whitfield katikati ya vidole na kwenye nyayo, kausha miguu, badilisha soksi, viatu vipate jua. Usipofanya hivyo unarudi ulikotoka. Hata baada ya kupona vizuri, karibu mtu mmoja katika wanne au watano ugonjwa unamrudia. Wanaoishi nyumba moja waangaliwe nao.

Vijana wa vikapu, nimewaacha kwa makusudi hadi sasa kwa sababu ninyi ndio mnaoona kucha nyingi kuliko mimi. Mkasi mmoja, tupa moja ya kusugulia kucha, beseni moja, kutoka nyumba ya kwanza Ngamiani hadi ya mwisho Makorora. Tupa ya karatasi haisafishiki. Kata vipande vidogo, kila mteja chake, umwachie. Vya chuma vioshwe kwa sabuni na brashi kwanza, uchafu utoke, kisha vilowekwe kwenye dawa ya klorini kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, visuuzwe, vikaushwe. Beba seti mbili ili moja ikiwa inalowa nyingine inafanya kazi. Msisugue kwa wembe, msikate ngozi ya shina hata mteja akisisitiza. Mteja mwenye kisukari, msimkate kabisa kama ukucha ni mnene, mwelekezeni kliniki. Mguu wake unaweza kuwa umekufa ganzi, ukamchubua bila yeye kusikia, na kidonda hicho kikaishia kwenye kukatwa mguu. Ukucha mnene wenyewe, ndani ya kiatu, unaweza kumchimba nyama ya chini akapata kidonda bila mkono wa mtu. Kwa sababu hiyo, kwa mgonjwa wa kisukari mimi siuiti fangasi wa kucha ugonjwa wa urembo. Kila jioni aangalie miguu yake, au mtu wa nyumbani amwangalie.

Nimewawekea meza mbili pale chini ya mwembe. Ya kulia ni ya kisukari na wazee, waanze wao. Ya kushoto ni ya wengine. Mwenye rangi aitoe kwanza, pamba na asetoni vipo. Mwenye hina aje tu, tutakwangua upande wa chini. Tutachukua vipande, tutaandika namba yako ya simu kwenye bahasha, na leo hatutatoa kidonge kwa mtu yeyote. Mwenye mfuko wa dawa nyumbani, atume mtoto akaulete, nione mmekuwa mkimeza nini.